Jina Nililolitaja kwa Foni

Siku yangu ya kwanza kazini niliingia Kashebere na viatu mkononi, kwa sababu matope ya barabara ile hayamheshimu mgeni. Nilikuwa nimeajiriwa na ofisi ya afya ya kanisa, iliyopeleka dawa na chanjo katika vituo vya Masisi na Walikale, na kazi yangu ilikuwa foni. Ninyi vijana mna simu kila mfuko, kwa hiyo acheni nieleze. Foni ni redio ya masafa marefu, sanduku zito linalokula betri ya gari, na waya wake hutandazwa hewani kati ya miti miwili. Ukibonya kipaza sauti unasema, ukikiachia unasikiliza. Na ukisema, husikiwi na mtu mmoja tu. Kila kituo kilichofungua masafa yale kinakusikia, pamoja na wagonjwa waliokaa barazani na wapita njia waliosimama kutafuta habari za vita.

Sanduku letu liliwekwa chumba cha nyuma cha duka la Papa Muhindo, mfanyabiashara wa Butembo aliyeuza chumvi, sabuni na mazuti, yaani dizeli. Bosi wangu wa kwanza, Mkuu wa Foni, alikuwa mzee mwenye sauti ya kuongoza nyimbo za misa. Alinifundisha sheria moja kabla ya nyingine zote. Jina la mtu au la mahali hutajwa mara tatu, halafu husomwa kwa herufi, Alfa, Bravo, Charlie, mpaka mwisho, kwa kuwa hewa ya milimani inakula maneno.

"Sasa jaribu," akasema. "Baba mukwe wako iko mugonjwa kule Muheto, unamutafutia dawa. Tuma ujumbe. Taja jina yake."

Nilibonya kipaza sauti, nikakiachia.

"Mama, betri iko inaisha."

"Papa, ile jina siwezi kutaja."

"Sababu gani?"

"Njo bokilo yangu."

Papa Muhindo alicheka mpaka akamwaga chumvi aliyokuwa akipima. Mkuu wa Foni hakucheka. Alivua visikizi vyake, akaviweka mezani.

"Mama, foni haina bokilo," akasema. "Mficha uchi hazai. Iko siku utataja."

Kwetu milimani mwanamke aliyeolewa hataji jina la baba mkwe wake, yaani bokilo. Hali chakula mbele yake, hakai kwenye kiti chake, hamkodolei macho. Naye mzee hukaa upande, akikusemesha kana kwamba anausemesha ukuta. Si woga wala chuki. Ni heshima, na kwa heshima hiyo mimi binti wa watu nilipewa nafasi katika nyumba ile. Kwa hiyo msishangae mkiona namwita Baba wa Muheto tu. Alikuwa mzee wa kanisa, mkulima wa maharage na muhogo, mwenye ng'ombe wachache na malisho mazuri kuliko yote ya upande ule. Hilo la malisho lishikeni vizuri.

Vita vilipozidi, barabara ya kwenda Walikale ikawa vizuizi kila kona, na kila kizuizi kilikuwa na wenye silaha wake na sheria zake. Chanjo zilifika zimeharibika kwa joto, au hazikufika. Ndipo marafiki wa kanisa wa ng'ambo wakatoa ndege, nami nikahamishiwa base yetu ya Masisi, kituo kikuu kwenye mgongo wa kilima chenye majani, niwe mtu wa foni wa ndege hiyo. Nilijiona mkubwa. Nilinunua hata kitenge kipya.

Tulipoiona tulisikitika. Ilikuwa ndege ya viti viwili, nyembamba, mabawa marefu kupita kiasi, na injini ambayo Papa Muhindo angeifunga kwenye mashine ya kusaga mihogo. Tukaiita Korongo. Rubani wake, Komanda, mtu mpole wa upande wa Beni aliyejifunza kuruka ng'ambo, alitueleza kwamba hiyo ni planeri yenye motere. Injini ni ya kupandia. Ikishafika juu inazimwa, na ndege inateleza bila sauti, ikitafuta hewa inayopanda kutoka kwenye malisho yaliyopigwa na jua, ikizunguka humo kama mwewe mpaka ipate kimo cha kuendelea. Kwa njia hiyo kidumu cha mafuta kilimpeleka Walikale na kumrudisha, wakati mafuta yenyewe yalikuwa adimu kuliko maziwa.

Neno la kwanza alilotufundisha ni finesse. Ni kipimo cha ndege inateleza umbali gani mbele kwa kila kimo inachopoteza. Korongo akiwa na kilomita moja ya hewa chini yake angeweza kwenda zaidi ya kilomita ishirini, hewa ikitulia. Lakini hewa ya kwetu ina tabia zake. Inakuinua juu ya kilima hiki, inakuangusha nyuma ya kile. Marubani wa Kifaransa, wakilazimika kutua shambani, husema wamekwenda ng'ombeni. Kwa upande wa Masisi huo haukuwa mzaha, pa kutua palikuwa malishoni, na ng'ombe wenyewe wamo. Ukivuka Kashebere kwenda Walikale msitu unafunga, na huko hakuna ng'ombe wala pa kutua.

Ndiyo maana Komanda alihitaji programu ya kumwongoza, iliyowekwa kwenye kompyuta ndogo ya mkononi anayoifunga gotini. Programu inajua ulipo kwa setilaiti, inajua vimo vya milima, na kwenye kila mahali pa kutua inaandika namba: utafika pale ukiwa na mita ngapi juu ya ardhi. Namba ikitanguliwa na alama ya kutoa, maana yake ungefika chini ya ardhi, na sisi Wakristo tunajua watu hufikaje huko.

Zilikuwako programu mbili za kuchagua. Shefu wa Base, mtu wa karatasi na viatu vinavyong'aa, alitaka ile ya kulipia, kwa kuwa marafiki wa ng'ambo waliisifu. Ilikuwa na rangi nzuri na ilidai kodi kila mwaka, tukaiita Mwenye Nyumba. Komanda alitaka nyingine ya bure, iliyotungwa na watu wa kujitolea wasiojuana, haina mtu mmoja wa kusema ni yangu. Hiyo tukaiita Yatima.

"Kitu ya bure, siku inakufa utalilia nani?" Shefu aliuliza.

"Na ile ya kulipa, siku inakufa juu ya pori ya Walikale?" Komanda akajibu. "Wanasema iko na namba ya simu. Kule reseau ya simu haiko. Nitapiga kwa mungu gani?"

Wakakubaliana kuzijaribu. Komanda aliruka na zote mbili, moja kila goti, nami chini naandika anayosema. Karibu na Nyamitaba, Mwenye Nyumba akamwambia malisho fulani yanafikika bila taabu. Yatima akakataa. Sababu niliielewa alipotua na kutuonyesha. Mwenye Nyumba alipiga mstari ulionyooka, akalinganisha kimo cha huku na cha kule, basi. Yatima aliutazama mlima uliosimama katikati, akatafuta njia ya kuuzunguka, akaona haitoshi. Kwenye kioo chake kulikuwa na doa la kijani lililotanuka ndege ikipanda na kunywea ikishuka. Mahali palipo ndani ya doa unafika, palipo nje hufiki.

"Shefu, huyu mwenye nyumba wako anapitisha watu ndani ya mulima," Komanda alisema.

Shefu alikubali kwa uso wa mtu aliyemeza kwinini. Basi mkija kuchagua chombo cha namna hiyo, msidanganywe na rangi. Tazameni kama kinasomeka kwenye jua kali, kama betri inavumilia safari nzima, kama unaweza kukiambia finesse ya ndege yako ilivyo kweli, chafu na yenye mzigo, si ile ya kwenye kitabu. Na chagueni kile kinachokupa habari mbaya mapema.

Lakini Yatima alikuja mikono mitupu. Orodha ya mahali pa kutua tulipaswa kuijaza wenyewe. Watu wetu wakaenda vilimani kupima malisho kwa miguu, na waliporudi likazuka swali: kila mahali papewe namba, au jina? Kwetu malisho hayana jina isipokuwa la mwenyewe. Husemwa Kwa fulani, imekwisha. Na malisho bora kati ya Kashebere na Masisi, marefu, laini, yasiyo na mawe upande wa juu, yalikuwa kwa Baba wa Muheto. Kwa jina lake lile lile.

Nilisimama katika mkutano nikaomba namba. Sikuficha sababu, na hakuna aliyekuwa haijui. Programu inasomwa kwenye kioo, lakini jua likipiga kioo rubani haoni kitu, na hapo mtu wa foni mwenye nakala ya orodha ile ile ndiye anayemsomea. Mtu wa foni ni mimi. Niliwaambia, "Nitawasomea kila kitu. Ile moja tu, muipe namba." Shefu wa Base alikuwa upande wangu, alipenda namba kuliko watu. Fundi wa ndege aliziba mdomo asicheke. Nilihisi masikio yanaungua.

Komanda alitikisa kichwa. Alitukumbusha safari yake moja ya mwanzo, alipotua Nyamitaba wakati bado tunatumia namba za ramani ya karatasi. Mimi nilikuwa nimetangaza kwenye foni kwamba anatua kwenye kumi na nne. Nani kule alijua kumi na nne ni nini? Kitu cheupe kisicho na sauti kilishuka kutoka mawinguni, wanawake wakatupa majembe wakakimbia, na vijana wenye silaha wakamzunguka, wakamvua viatu, wakamfunga mpaka padri alipokuja kumwombea.

"Namba haiko na ndugu, Mama Furaha," akaniambia. Furaha ni binti yangu wa kwanza. "Jina iko na ndugu. Ukitaja muntu, muntu anasimama."

Nilikaa chini. Jina likaingia kwenye kompyuta yake na kwenye yangu.

Utani haukuisha. "Mama Furaha, leo tukikosa hewa tutue wapi?" fundi alikuwa akiuliza. "Kule." "Kule kwa nani?" Nami nilimtupia kitambaa cha mafuta usoni. Kila asubuhi, nikimsomea Komanda orodha kabla hajaruka, nilipofika hapo nilisema tu "na pale pa Muheto," naye alijibu "bien reçu," yaani nimekupata, bila kunibana. Alikuwa na malezi mema. Siku zikapita bila Korongo kupahitaji mahali pale, nikaanza kudhani Mungu amenielewa.

Ilikuwa majira ya mvua, mchana. Shefu alikuwa ameteremka mjini, fundi naye yuko mbali anafyeka majani ya uwanja. Komanda alikuwa anarudi kutoka Walikale na sanduku la damu ya kupimwa. Redio ya ndege ilinifikia mimi tu, haikuwa ya masafa ya vituo.

"Masisi, motere inakataa."

Injini ya planeri ikizimwa juu hupoa, na mara nyingine haiwaki tena. Alinipa kimo chake na mahali alipo, karibu na Kashebere, akaniambia mvua imeufunga mlima mbele yake, na jua la mgongoni limekipiga kioo hasomi kitu. Nikaingiza yote katika Yatima wangu. Doa la kijani likanywea mbele ya macho yangu. Kila namba kwenye orodha ilikuwa na alama ya kutoa, isipokuwa moja.

"Nasoma pahali pamoja tu," nikamwambia. "Pale pa Muheto."

"Bien reçu. Waambie watoe ngombe. Na wale vijana wa bunduki wasinipige."

Vijana hao walikuwa wamepiga kambi juu ya malisho yale siku zile. Nikageukia foni, nikakiita kituo cha afya cha Muheto. Akaitika mtu mpya, sauti ya kijana wa mbali asiyenijua mimi wala ukoo wangu.

"Muheto, Korongo anatua kwenu sasa hivi. Mutoe ngombe, mwambie na wale wa bunduki."

"Bien reçu, Masisi. Anatua kwa nani?"

"Kwa bokilo yangu."

"Mama, hapa kila muntu iko bokilo ya muntu. Kwa nani?"

"Kwa muzee wa kanisa. Mwenye malisho marefu."

"Wazee wa kanisa iko wengi. Malisho ya huku ao ya ngambo ya muto? Taja jina."

"Kwa babu ya Furaha."

"Furaha gani?"

Nilizunguka hivyo, nikitumia njia zote ambazo mke mwenye adabu hutumia jikoni na kisimani, na ambazo jikoni na kisimani zinatosha. Kwenye redio ya pili sauti ya Komanda iliingia, tulivu kama ya mtu anayeomba chumvi mezani. "Mama Furaha, niko nashuka."

Nikabonya. Nikalitaja. Sheria ni mara tatu, nikalitaja mara tatu, kila mara kwa sauti kubwa zaidi, halafu nikaanza herufi. Mungu hakumpa mzee yule jina fupi. Nilizitoa herufi moja moja kama mtu anayevuliwa nguo moja moja katikati ya soko, na nilipofika ya mwisho nilikuwa nalia.

"Bien reçu," kijana akasema. Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Mama, yeye mwenyewe iko hapa."

Alikuwapo. Baba wa Muheto alikuwa wa kamati ya afya, na mchana ule alikaa barazani mwa kituo pamoja na nusu ya parokia, wakingoja habari za chanjo. Spika ya foni ya Muheto ilikuwa na nguvu kuliko zote. Waliokuwapo walinisimulia. Walisema watu waligeuka kumtazama, kisha wakaona vibaya wakatazama miguu yao. Mama mkwe wangu alijifunika kitenge usoni. Mzee alisimama, akavaa kofia yake, akachukua fimbo.

"Mumesikia," akasema. "Naitwa. Twende."

Alitangulia mbio, mtu wa umri ule. Aliwafukuza ng'ombe kwa fimbo na kwa sauti, na vijana walipoinua bunduki kwa kile kitu cheupe kilichokuwa kinakuja kimya juu ya mto, alisimama mbele yao. "Ile ndege iko yangu," akawaambia. "Wameniita kwa jina." Wakashusha bunduki. Lakini muda nilioupoteza na mabokilo yangu ulikuwa umepotea. Ng'ombe walikuwa bado wamejaa upande wa juu, ule laini. Komanda akawakwepa, akatua upande wa chini, bawa likagonga kisiki likapasuka. Alitoka anachechemea, mzima. Korongo hakuruka tena majira yote yale ya mvua, na chanjo za Walikale zilikwenda mgongoni mwa watu, kwa miguu, zikipita vizuizi vile vile.

Tangu siku hiyo nina aibu mbili na hazipatani. Moja inanisuta kwa nini nililitaja. Ya pili inanisuta kwa nini sikulitaja mapema. Nikiituliza hii, ile inaamka.

Maji yakimwagika hayazoleki. Pale Muheto watoto waliigeuza kuwa mchezo, mmoja akishika kigunzi cha muhindi kama kipaza sauti, akiita herufi za mzee mpaka mwisho. Sokoni wanawake walinisalimu "Alfa, Bravo" wakicheka chini ya vikapu. Mume wangu, dereva wa lori la Papa Muhindo, aliporudi alikula kwanza, ndipo akasema.

"Watoto wanaita baba mu njia, herufi kwa herufi."

"Muntu alikuwa anakufa," nikamwambia.

"Najua. Nani amesema hapana?" Akasukuma sahani. "Lakini wanaita."

Mama mkwe alituma neno kwamba nisikanyage ua wake mikono mitupu. Nikapeleka kidumu cha kasiksi, pombe yetu ya ndizi, na kuku jike mweupe. Nilisimama nje ya ua, nimegeuza uso, na mkono wa mtu ukapokea. Ndani sikusikia neno, hata la kunigombeza. Nilitembea kurudi Masisi nikitamani wangenigombeza.

Baada ya hapo, asubuhi moja, niliona kofia ile ikipita dirishani pa chumba cha foni. Nilijificha nyuma ya rafu ya betri, mama mzima mwenye cheo. Shefu wa Base alimpa kiti. Mzee alikigeuza kiti kwanza, akakaa mgongo wake ukielekea rafu yangu. Alijua nipo.

"Shefu, ile jina yangu muitoe mu mashine."

Shefu akaanza kuomba radhi, kwamba wafanyakazi wake watafundishwa, kwamba ofisi inasikitika sana.

"Sina kasirani," mzee akamkatiza. "Yule mutoto wa watu siku ingine ataogopa tena, na muntu atakufa sababu ya jina yangu. Andika Kwa Furaha. Ile anaweza kuita."

Komanda, ambaye mguu wake ulikuwa bado na bendeji, ndiye aliyeandika. Nilisikia vidole vyake kwenye vitufe. Mzee alisimama, akaenda mlangoni, akatazama nje. Halafu akasema, kana kwamba anavisemesha vilima:

"Aliita muzuri. Nilisikia kila herufi."

Akaenda zake. Nilibaki nyuma ya betri mpaka miguu ikafa ganzi.

Mtasema alinisamehe, nifurahi. Nilijaribu kufurahi. Lakini kwetu mtu hana ukumbusho mkubwa kuliko ardhi yake kuitwa kwake. Baba yake aliacha jina pale kabla yake, na yeye akalitoa lake akiwa hai, akampa kitoto kilichokuwa bado kinang'oka meno, ili mke wa mwanawe asione haya. Aibu ya kutukanwa huisha. Ya kuhurumiwa na mtu uliyemvunjia heshima haina dawa ninayoijua.

Korongo alipona. Alitua pale mara kadhaa tena katika vita vile, na mimi niliita "Kwa Furaha, Kwa Furaha, Kwa Furaha" bila sauti kutetemeka, na kila mara upande wa juu ulikuwa umeshafagiliwa ng'ombe. Baba wa Muheto akafa kifo cha kitandani, jambo ambalo miaka ile lilikuwa baraka. Walikuja wakimbizi kutoka upande wa Walikale, wakajenga kando ya malisho, na wao hawakulijua jina lingine. Hata Yatima, kwa kuwa hana mwenyewe, orodha zake huazimwa na yeyote. Yetu ilivuka bahari. Leo kuna watu wasiojua Muheto ni kitu gani, na kwenye vioo vyao imeandikwa Kwa Furaha.

Siku ya kustaafu kwangu ofisi ilinunua soda na mbuzi wa kuchoma. Foni ilikuwa imekwisha kuwa sanduku la kuwekea maua, na kazi yangu ilichukuliwa na fundi kijana mwenye tableti. Nilimkabidhi orodha, nikamweleza kila malisho: hapa jioni kuna upepo wa nyuma, hapa mwenyewe ni mkali lakini ana moyo. Nilijisikia vizuri kidogo. Ukistaafu watu wanakusikiliza kwa adabu, hata usipokuwa na maana.

Kijana akafika kwenye mstari wa Muheto.

"Mama, Yatima wa sasa iko na pahali pa jina ya zamani," akasema. "Hapa Kwa Furaha, zamani ilikuwa kwa nani?"

Wote wakanigeukia. Wazee waliokuwapo walianza kutabasamu, na mimi nilihisi masikio yanaungua vile vile kama katika mkutano ule. Nilifungua mdomo. Mzee amekwisha kufa, mimi mwenyewe nina mvi, hakuna mtu duniani ambaye angenidai kuku. Na nililitaka jina lile lirudi pale, nililitaka kuliko soda, kuliko hotuba, kuliko cheti walichonipa. Mdomo ukakataa. Nimelitaja siku moja maishani, na hata humu sikuliandika.

Furaha alikuwa amekaa karibu yangu, muuguzi sasa, mama wa watoto. Mjukuu hana mwiko. Tangu utotoni alimwita babu yake kwa jina, akimvuta ndevu.

"Furaha," nikamwambia, "mwambie wewe. Mara tatu, halafu herufi."

Nikachukua soda yangu nikatoka nje. Nyuma yangu nilisikia ameanza, kwa sauti kubwa isiyo na woga, nami nikasimama kando ya njia, nikageuza uso, kama inavyompasa mke wa mtu baba mkwe wake anapopita.